Ukinyamaza, Watabuni: Kuhusu Kuwaambia Watu Kwamba Una Kigugumizi

Waandishi wa habari wa Kiswahili wanakipenda sana kigugumizi. Waziri akikwepa swali, tunasoma kwamba "apata kigugumizi". Klabu ikichelewa kumtimua kocha, nayo ina kigugumizi. Katika matumizi hayo neno lina maana moja: mhusika analo jibu ila hataki kulitoa, au hajui asimamie wapi, au ana jambo anaficha. Mimi nimeishi na kigugumizi chenyewe tangu utotoni, na kila nikikutana na kichwa cha habari cha namna hiyo hucheka kidogo na kuudhika kidogo. Mwenye kigugumizi yuko upande wa pili kabisa. Neno analijua, analitaka, amelishika mkononi. Halitoki tu.

Silaumu lugha, lugha zote huazima viungo vya watu kutengenezea mafumbo. Ila maana hiyo ya magazetini inatuonyesha msikilizaji wa kawaida huwaza nini anapomwona mtu amesimama katikati ya neno. Humdhania woga, uongo, ujinga, pengine hata kilevi. Hayo ndiyo maelezo yaliyo karibu naye, na asiyepewa maelezo huchukua yaliyo karibu. Ndiyo maana nimefikia kuamini kwamba kuwaambia watu mapema kuna faida kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani, mradi usiseme kama anayeomba msamaha, na mradi uamuzi wa kusema ubaki mikononi mwako. Sharti hilo la pili ndilo watu wazima, hasa wenye nia njema, huwavunjia watoto kila siku.

Kubabaika ni kwa kila mtu. Umefumaniwa, umeulizwa swali hukulitegemea, ulimi unapotea njia. Kigugumizi ni kitu kingine. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 2 na 5, wakati lugha ya mtoto inakua kwa kasi. Watoto kama 5 katika kila 100 hukipitia, na wengi wao, takriban watatu kwa kila wanne, kinawaacha. Kwa watu wazima hubaki kwa mtu 1 hivi katika 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake karibu mara nne. Hutembea katika ukoo. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Dennis Drayna walitangaza jeni za kwanza kuhusishwa nacho, kazi waliyoianzia kwa familia moja kubwa ya Pakistan. Hakuna uhusiano wowote na akili ya mtu, wala hakiletwi na woga, ingawa woga unaweza kukichochea.

Kina sura tatu. Unarudia sauti, unaivuta, au unakwama kabisa. Kurudia na kuvuta angalau kunasikika, na msikilizaji anaelewa kuna kitu. Kukwama ndiko kwenye matatizo, kwa sababu kwa nje ni kimya tu. Midomo imefungika, koo limebana, na mtu aliye mbele yako anamwona mwanafunzi aliyeulizwa swali akanyamaza. Au kijana aliyesalimiwa akakaza macho bila kuitikia. Kwa wakubwa zetu, hilo la pili lina jina lake: utovu wa adabu. Nimewahi kuitwa hivyo na mzee mmoja ambaye shikamoo yake ilikuwa njiani, imekwama kwenye "sh".

Sasa, mtu huyu akiamua kuficha, hufichaje? Kiswahili kinampa nyenzo tele. Ukiogopa "p", utasema hela au fedha badala ya pesa. Ukiogopa "b", utamwita baba yako mzee. "Wakati" ukigoma, "muda" upo. Mwanzo wa sentensi ukiwa mgumu unatanguliza "yaani", "kwa kweli", "unajua", ukitafuta mteremko wa kuteleza nao. Baadhi yetu tumekuwa kamusi za visawe zinazotembea, na walimu hutusifia utajiri wa msamiati bila kujua tumeuchuma wapi. Lakini jina lako halina kisawe. Saba haina kisawe. Namba ya simu haizungukiki. Ndiyo maana wengi wetu hukwama zaidi kwenye majina yetu wenyewe, mahali pale pale ambapo msikilizaji hana subira, kwa maana nani asiyelijua jina lake?

Shuleni nilikuwa na hila nyingine, rahisi zaidi. Niliulizwa maswali ambayo majibu yake nilikuwa nayo, nikajibu "sijui". "Sijui" ilinitoka vizuri. Mwisho wa muhula ripoti ikaandikwa: "Ajitahidi kusoma kabla ya kipindi."

Mwanasaikolojia Joseph Sheehan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, alikifananisha mwaka 1970 na mlima wa barafu unaoelea baharini. Kinachosikika ni kilele. Chini ya maji kuna aibu, hofu, na kazi ya kukwepa isiyo na likizo. Mfano huu umerudiwa mno, lakini bado unanisaidia kueleza jambo ambalo wasio na kigugumizi hawalitarajii: anayekwama waziwazi mara ishirini kwa siku anaweza kuwa amepumzika kuliko anayejificha vizuri na kukwama mara moja. Yule wa pili hasikilizi mazungumzo. Yuko sentensi mbili mbele, anakagua barabara.

Kwa hiyo faida ya kwanza ya kusema "nina kigugumizi" haiko kwa msikilizaji. Inampunguzia kazi msemaji. Ukishasema, kukwama hakufichui tena kitu.

Kuhusu msikilizaji nako kuna ushahidi, na ushahidi wenyewe una jambo la kushangaza. Mwaka 2017 Courtney Byrd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu waliwatazama kwenye video wasemaji wenye kigugumizi. Waliotangulia kusema kwamba wana kigugumizi walionekana wachangamfu zaidi na wenye kujiamini zaidi kuliko ambao hawakusema. Lakini watafiti walilinganisha pia namna ya kusema. Aliyetoa taarifa tu, kwamba ana kigugumizi na huenda akarudia maneno, alifaidika. Aliyeomba radhi kwa kigugumizi chake, kwa sehemu kubwa hakuonekana vizuri kuliko aliyenyamaza. Maabara si darasa, na mtazamaji wa video si mwenzako wa dawati utakayekaa naye miaka minne. Hata hivyo matokeo hayo yanalingana na nilichokiona maishani. Ukiomba msamaha, umemwambia msikilizaji kwamba kuna kosa limetendeka, na umemkabidhi kazi ya kukusamehe. Wengi hawajui waifanyeje kazi hiyo. Wanatabasamu kwa huruma na kuangalia pembeni.

Hapa Kiswahili kinatutega. Sisi huanza kila kitu na samahani. Samahani naomba kupita, samahani saa ngapi, samahani hapa pana mtu? Ni adabu tu, wala hatuungami dhambi yoyote. Kwa hiyo mtu anasimama mbele ya darasa na kusema "samahanini, nina kigugumizi" akidhani amesalimia, kumbe sikio linasikia udhuru, kwa kuwa kinachofuata baada ya samahani ni kasoro yake mwenyewe. Mimi nimeliondoa neno hilo mahali hapo na kuliachia kazi ya kukanyagana miguu. Nasema hivi: "Nina kigugumizi, kwa hiyo nitakwama hapa na pale. Msinimalizie maneno, nitafika." Sentensi hizo hazina kilio ndani yake, na zina jambo muhimu ambalo utafiti unaligusa kwa juu tu: zinamwambia msikilizaji afanye nini. Watu wengi si wakatili, wamekosa maelekezo.

Lakini kwa nini vijana wengi hawasemi? Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwahoji vijana 48 wenye kigugumizi. Asilimia 60 walisema ni nadra au hawajawahi kabisa kuzungumza na wengine juu ya kigugumizi chao. Ungedhani ni kwa aibu. Ila katika kundi hilo hilo asilimia 65 hawakukiona kama jambo la fedheha. Nadhani jibu ni kwamba hawakupewa lugha ya kulisemea. Hawakuwahi kumsikia mtu mzima akilitamka neno kigugumizi mbele yao kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyotaja miwani.

Kimya hicho cha watu wazima kina historia. Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa, naye mwenye kigugumizi, alifundisha kwamba kigugumizi huzaliwa kwanza katika sikio la mzazi: mzazi anauita ugonjwa usemi wa kawaida wa mtoto anayejifunza, mtoto anaanza kuogopa, na tatizo linaumbika. Mwaka 1939 mwanafunzi wake, Mary Tudor, alifanya jaribio kwa yatima 22 katika mji wa Davenport, jimboni Iowa, Marekani. Baadhi ya watoto waliokuwa wakisema bila shida waliambiwa kwamba wana dalili za kigugumizi, na kwamba wasifungue kinywa mpaka wawe na hakika watasema sawasawa. Wakawa waoga na wanyamavu. Chuo kiliomba radhi hadharani mwaka 2001. Nadharia ya Johnson imeshaanguka, lakini ushauri wake ulibaki miongo mingi katika vyumba vya madaktari na majumbani: usilitaje neno mbele ya mtoto, atapona mwenyewe.

Mimi naisoma hadithi ya Davenport kinyume na ushauri huo. Kilichowaumiza watoto wale hakikuwa jina la kigugumizi peke yake. Ilikuwa amri iliyofuata, kwamba sema vizuri au nyamaza. Na mtoto ambaye nyumba nzima inakwepa kulitaja jambo lake anaipata amri hiyo hiyo bila kuambiwa. Kama hata mama hathubutu kulitamka, anajisemea, basi ni kubwa na baya. Halafu akifika miaka kumi na tatu tunamtaka asimame mbele ya darasa alitaje bila kutetemeka.

Shuleni mambo huharibikia mahali pawili. Pa kwanza ni pale mwalimu anapomsemea mtoto. Nia ni njema kabisa. Mtoto ametumwa ofisini kupeleka daftari, mlango umefungwa, na darasa linaambiwa: mwenzenu ana tatizo la kusema, yeyote atakayemcheka nitamshughulikia. Mtoto anarudi na kukuta hewa imebadilika. Siku ile hakuna anayemcheka, kweli. Hakuna anayemwita mpirani pia. Habari yake imetolewa bila yeye, na imetolewa kwa jina la tatizo, ikiwa imefungwa pamoja na kiboko. Kama mwalimu anataka kusaidia, amuulize mwenyewe kwanza, wakiwa wawili: ungependa darasa lijue? Useme wewe, niseme mimi ukiwepo, au tuache? Jibu la "tuache" nalo ni jibu, na mwakani huenda likabadilika.

Pa pili ni msamaha wa jumla. Mtoto anasema, au mzazi wake anasema, na shule inajibu kwa kumwondolea kila kitu cha kinywa: kusoma kwa sauti, mjadala, kuwasilisha kazi. Anashukuru. Ningeshukuru pia. Lakini baada ya mihula miwili amejifunza kwamba darasa linakwenda vizuri bila sauti yake. Kisa cha Nabii Musa kinanijia kila nikifikiria jambo hili. Wasomaji wa vitabu vyote viwili wanajua kwamba alitumwa kwa Firauni naye akautaja uzito wa ulimi wake. Kama kilikuwa kigugumizi au la, wafasiri wabishane. Ninachokiona ni kwamba hakuondolewa kazi. Alipewa Haruni aende naye.

Na darasani Haruni anapatikana kirahisi. Mtu mwenye kigugumizi anaposoma pamoja na mwingine, sauti kwa sauti, kigugumizi hupungua sana, mara nyingi hupotea kabisa. Vivyo hivyo anapoimba. Mwalimu anayejua hilo atawapa wanafunzi wote wasome wawili wawili, bila kumtenga yeyote. Ataacha pia desturi ya kuzungusha zamu kwa mpangilio wa viti, ambayo kwa mwenye kigugumizi ni mateso ya kuhesabu: watu wanane kabla yangu, saba, sita, na wakati huo wote hasikii kinachosomwa. Kumwita wa kwanza, au kumwachia anyooshe mkono mwenyewe, ni nafuu. Kwenye mtihani wa mdomo, kuongezewa dakika kunatosha. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji fedha, na hakuna kinachowezekana kama mwalimu hajaambiwa. Ndiyo maana nikimshauri kijana aanze na mtu mmoja, humwambia aanze na mwalimu, kwa barua fupi ikiwa mdomo hauko tayari. Kuandika ni kusema pia.

Je, kusema kunamzuia mchokozi? Hapana, na si haki kumwahidi mtoto hivyo. Anayetaka kukuigiza atakuigiza. Kinachobadilika ni walio pembeni yake: wale ishirini ambao jana walicheka kwa kutojua wanachokicheka. Wakishajua, wengi hunyamaza, na uigizaji usiochekwa huchosha upesi. Kwa uchokozi unaoendelea dawa ni uongozi wa shule, na ni makosa kumrudishia mtoto mzigo huo kwa kumwambia ajieleze vizuri zaidi.

Nje ya shule kuna majukwaa mengine, na hapo wataalamu wa vitabu hawakufuati. Simu kwa mfano. Umepokelewa, umekwama kwenye "halo", na upande wa pili wanasema "hasikiki huyu" na kukata. Nimejizoeza kuanza na sauti yoyote inayotoka, hata kikohozi, kisha "usikate, nina kigugumizi". Kwa watu wapya mezani, kuna njia ambayo Charles Van Riper, mmoja wa waasisi wa tiba ya kigugumizi Marekani na mwenye kigugumizi mwenyewe, aliwafundisha wateja wake: kukwama kwa makusudi. Unachagua neno jepesi na kulirudia kwa hiari yako, kwa utulivu, mapema. Hujatangaza lolote, lakini mezani hapo hakuna tena asiyejua. Mara ya kwanza unajiona mwendawazimu. Mara ya kumi unagundua ulimi umelegea, kwa kuwa lile ulilokuwa ukilikimbia umeshalifanya.

Utani wa kujicheka ni njia ya tatu, na mimi niliutumia miaka mingi, hivyo nina haki ya kuuonya. Unachangamsha, unavunja ukimya. Lakini ukijitania mbele ya watu umewapa wote ruhusa ya utani huo, na ruhusa hiyo hairudishwi kirahisi siku ambayo hujisikii kuchekwa.

Jitayarishe pia kwa majibu. La kawaida zaidi ni "mbona hata sikugundua!" Linatolewa kama zawadi, ila ndani yake kuna pongezi ya kujificha vizuri. Mimi hujibu, "utagundua." Wengine watakwambia utulie, uvute pumzi, kana kwamba ulikuwa unakimbia. Wengine watakumalizia. Hawa ndio wengi, na wana huruma ya kweli, lakini akinimalizia akapatia, amechukua zamu yangu. Akikosea, lazima nianze upya nikiwa na kazi ya ziada ya kumsahihisha. Na yupo yule atakayekueleza habari ya binamu yake aliyepona kwa dawa fulani. Msikilize kidogo. Binamu yule anaweza kuwa miongoni mwa wale watatu kwa wanne.

Kuna methali tunayotupiwa sana, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wanaoitumia wanataka kuniambia kwamba kusema ni wajibu. Siikubali hapa. Kigugumizi si maradhi yanayoua, na aliyekificha miaka ishirini alikuwa na sababu zake, mara nyingi sababu zenye majina na sura za watu. Mtu wa dirishani anayenikatia tiketi hanidai historia ya ulimi wangu. Kuna siku nimechoka, naonyesha kwa kidole ninachotaka, naondoka, na sijisikii kwamba nimesaliti chochote. Swali ninalojiuliza ni moja: nitakutana na mtu huyu tena? Kama ndiyo, kumwambia leo ni rahisi kuliko mwezi ujao, akiwa ameshajitungia maelezo yake kuhusu mimi na kuyazoea.

Chuoni nilichelewa. Tulikuwa kikundi cha watu watano cha kuandaa kazi ya kuwasilisha, na kwa wiki tatu walidhani nawadharau kwa sababu nilijibu kwa kichwa na mabega. Wiki ya nne nikawaambia. Watatu walisema hawakugundua. Wa nne, dada mmoja ambaye hakuwa mpole hata kidogo, aliuliza: "Sasa ukikwama, tukuangalie usoni au tuangalie chini?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo, hata nyumbani. Nilimjibu: usoni. Neno lenyewe lilichukua muda wake, na wote wanne walikuwa wananiangalia.